Moto Kwenye Piscine

Leo nimepata aibu inayotosha ukoo mzima. Nawaandikia nikiwa nimejifungia chumbani, viatu vimejaa matope, na nje nasikia watu wanapita wakicheka. Sitaki kujua wanacheka nini. (Najua.)

Nyinyi wa darasa letu la umeme kule Butembo mnajua kwamba siku hizi niko Mweso, kwa kaka yangu Kambale, anayeuza betri, nyaya na vioo vya sola. Yeye anauza, mimi napanda juu ya nyumba za watu kufunga. Kazi inaenda. Vita ikisogea karibu tunafunga duka, ikisogea mbali tunafungua. Wiki hizi imesogea mbali kidogo, njia ya Kitshanga imefunguka, na watu wameanza tena kununua balbu. Mtu akinunua balbu, jueni ana tumaini la kulala pale pale.

Sasa, nje kidogo ya mji, juu ya kilima, kuna kituo kidogo cha afya. Si ile hospitali kubwa, msije mkawasingizia watu wa watu. Kituo chetu kina maternité, yaani wodi ya wazazi, vitanda vichache na depo ya dawa. Depo ya kwanza iliungua. Hakuna aliyeichoma. Ilikuwa bougie, mshumaa uliosahauliwa juu ya katoni, na watu walipoamka dawa zote zilikuwa jivu. Wakati ule njia ilikuwa imefungwa, hata kidonge cha homa hakikuweza kupita. Tuliumia sana.

Njia ilipofunguka, watu wakajenga depo mpya kwa mikono yao. Na waliobeba mawe mengi kuliko wote ni wamama wakimbizi wanaokaa karibu na parokia, wakiongozwa na Mama Furaha, mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliyetoka huko milimani Masisi. Mtu asiye na nyumba yake alikuwa anabeba jiwe la nyumba ya dawa. Nilimwona kwa macho yangu. Kwa hiyo mtu akiigusa depo ile, amegusa migongo ya watu.

Mkubwa wa kituo ni muuguzi mmoja mtaratibu, tunamwita Papa Titulaire. Yeye ndiye aliyesema depo mpya haitalala bila mlinzi wa moto. Kaka Kambale akatafuta, akapata santrali ya moto, lile sanduku jekundu linalofungwa ukutani, kutoka hoteli moja ya Goma iliyokuwa inabadilisha vyombo vyake. Likafika juu ya lori, katikati ya magunia ya chumvi, likiwa zima. Mimi nikapewa kazi ya kulifunga.

Niwakumbushe jinsi linavyofanya kazi, maana wengine mliacha umeme mkaenda kuuza vitenge. Juu ya dari kuna vile vidude vyeupe vinavyonusa moshi. Halafu kuna nyaya za pembeni zinazoleta habari za vitu vingine. Kwetu ni tatu tu: friji ya chanjo, jenereta, na tanki la maji, ambalo ndani yake kuna boya linaloshuka maji yakipungua. Kila waya lazima uiambie santrali jina lake na aina ya habari yake. Ukiandika "technique", yaani habari ya chombo tu, inawaka taa ya njano na unasikia mlio mdogo kama wa kifaranga. Ukiandika "feu", yaani moto, sirena ya juu ya paa inalia mpaka ng'ombe wa ng'ambo ya bonde wanainua vichwa.

Na ndani ya santrali, ile hoteli ilikuwa imeacha majina yake yote ya zamani, na kila jina lilikuwa limeandikwa feu. Nikaanza kuyabadilisha. "Bar" ikawa friji ya chanjo, technique. "Cuisine", yaani jiko, ikawa jenereta, technique. Nikabakiwa na waya mmoja, wa tanki. Nikaufunga vizuri mahali pake, nikakaza na skrubu. Nikawa karibu kuandika jina, ndipo nikaona jua limeingia dirishani kwa namna ya pekee.

Mnaikumbuka ile picha niliyowatumia juzi? Mimi, bisibisi mkononi, kichwa kimeinama kidogo, santrali iko nyuma yangu? Nyinyi mkaandika "Ingénieure", yaani mhandisi. Mwingine akaandika "Mwanamke wa chuma". Mimi nikakaa pale nikiwajibu mmoja mmoja. (Kwa hiyo na nyinyi mna sehemu yenu katika jambo hili.) Nilipomaliza kuwajibu nikafunga kifuniko, nikazungusha ufunguo, nikaenda nyumbani nikiimba.

Mtasema, Masika, haukujaribu? Nilijaribu. Nilichoma majani makavu ya mgomba kwenye kopo, nikainua mpaka darini, sirena ikalia, Papa Titulaire akanipa mkono. Tanki sikulijaribu. Ilihitaji kupanda juu yake na kulishusha boya kwa mkono, na mimi nilikuwa nimevaa blauzi ya picha.

Basi leo ndiyo ilikuwa siku ya kufungua depo.

Watu walikuja kutoka kila upande. Wakulima, wafanyabiashara wenzetu wa Butembo na malori yao, wakimbizi na watoto wao, hata jamaa mmoja aliyetembea kutoka upande wa Mpofi kwa sababu alisikia kutakuwa na mbuzi. Padri alibariki milango. Papa Titulaire alivaa suti ya kijivu ambayo hatujawahi kuiona. Nyuma ya depo wamama walikuwa wanapika maharagwe na bugali katika masufuria makubwa, wakichota maji ya tanki.

Mimi nilivaa blauzi ileile ya picha, na viatu virefu. Nilikaa mbele.

Aliyeongoza sherehe ni Mwalimu Bahati, anayefundisha shule ya msingi na anayependa mikro, kile kipaza sauti, kuliko mshahara. Baada ya hotuba akasimama kwenye baraza, kando ya santrali, akasema, "Sasa tunaomba dada Masika asimame. Huyu mutoto mwanamuke njo alitufungia hii mashine. Muone akili ya watu wetu."

Nikasimama. Wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kidogo, kama kwenye picha.

Na hapo hapo sirena ikalia.

Niwaambie ukweli. Watu walidhani ni onyesho. Wakapiga makofi kwa nguvu zaidi, wamama wakapiga vigelegele. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu. Nilifikiri labda Papa Titulaire amepanga kunishangaza.

Kisha Mwalimu Bahati akainama kusoma maandishi kwenye kioo cha santrali. Akayasoma kwa mikro, kwa sauti ileile anayosomea imla.

"Mashine inasema: feu. Maana yake moto." Akasogea karibu zaidi. "Moto iko ku... piscine."

Neno la moto lilitosha. Viti vikaanguka. Wafanyabiashara wakakimbilia malori yao. Jamaa wa Mpofi akakimbia kuelekea kwenye mbuzi. Lakini wakimbizi ndio walionitoa roho. Hawakupiga kelele. Wao walijua kazi ile. Kila mama alikusanya watoto wake kwa mkono mmoja, mzigo kwa mwingine, na kabla sijafumba macho walikuwa wameshaingia kwenye migomba, kimya, wameinama. Niliona bibi mmoja akimvuta mjukuu wake kwa shati na kumziba mdomo. Hapo tabasamu liliniisha.

Nilitaka kuzima sirena. Ufunguo ulikuwa ndani ya mkoba. Mkoba ulikuwa chini ya kiti. Kiti kilikuwa chini ya viti vingine. Nikapiga magoti, nikaingia chini ya viti kwa mikono na magoti kama mtu anayetafuta kuku, blauzi nyeupe, viatu virefu vikibaki nje. Nikiwa humo nikaona miguu ya suruali ya kijivu imesimama mbele yangu.

"Masika, moto iko wapi?"

Ilikuwa Papa Titulaire, ana ndoo ya mchanga mikononi, anahema.

"Papa, hakuna moto."

"Juu ya nini inalia? Ni sababu gani?"

"Natafuta ufunguo, Papa."

Hakungoja. Alizunguka nyuma ya depo mbio kutafuta moto, na moto akaukuta. Ulikuwa chini ya masufuria. Akaumwagia mchanga wote, akarudi kuchukua ndoo nyingine, akauzima na wa pili. Maharagwe yalikuwa bado magumu. Wapishi walisimama na miiko mikononi wakimtazama.

Nilipata ufunguo. Nikafungua, nikabonyeza, sirena ikanyamaza. Na kwenye kioo lile neno lilikuwa bado limekaa, limetulia, kwa herufi kubwa: PISCINE. Nikalitazama. Nikakumbuka jua la dirishani.

Polepole watu wakaanza kurudi. Hapakuwa na moshi, hapakuwa na risasi. Wakimbizi walitoka kwenye migomba kwa vikundi, wakitazama pande zote. Nikafikiri basi imekwisha, nitasema ni hitilafu ndogo, tutakula, tutasahau.

Lakini kumbe lile neno lilikuwa limeshaanza kutembea lenyewe.

"Piscine ni nini?" mama mmoja aliuliza.

Dereva mmoja wa lori, anayejua Goma, akamjibu kwa ukarimu. "Ni shimo kubwa ya maji, Mama. Watu wa pesa banaoga mule mchana, na chupi tu, halafu banakunywa bia."

"Na iko hapa?"

"Mashine imesema iko hapa. Mashine haina mudomo ya kudanganya."

Nikaona habari inavyopita kutoka kichwa hadi kichwa, kama upepo kwenye mtama. Watu wakaanza kumtazama Papa Titulaire. Wakaitazama suti. Halafu Mama Furaha akatoka katikati ya watu, kanga imefungwa kiunoni, akaenda akasimama mbele yake.

"Papa, sisi tulibeba mawe. Ulituambia ni mawe ya nyumba ya dawa."

"Njo ya nyumba ya dawa, Mama."

"Basi tuonyeshe ile piscine."

Papa Titulaire alijipangusa. Mchanga ulikuwa bado kwenye mikono ya suti yake. "Mama Furaha, piscine gani? Mimi hata kuogelea sijue."

Baadhi ya watu walicheka. Mama Furaha hakucheka. Na mimi nikaelewa kwamba hapa si mchezo tena. Mtu huyu amelala kwenye benchi ya maternité usiku mara ngapi kwa ajili ya watoto wa mama hawa, na sasa wanamtazama kama mwizi. Kwa sababu yangu. Kwa sababu ya picha.

Kulikuwa na mlango wa kutokea. Ningeweza kusema mashine imechanganyikiwa, ni ya zamani, imetoka mbali. Nani angejua? Hata nilianza. Nilisema, "Unajua, hizi mashine za hoteli..." Kisha nikamwona yule bibi, amerudi, amekaa chini kwenye nyasi na bado hajamwachia mjukuu wake shati.

Nikaenda nikamwomba Mwalimu Bahati mikro.

"Bamama na babapapa," nikasema, "piscine hakuna. Piscine ilikuwa ku hoteli, kule Goma. Mashine ilikuja na hilo jina ndani. Kazi yangu ilikuwa kuliondoa, na sikuliondoa."

Mikro ikapiga mluzi. Mwalimu Bahati akaniambia nirudie, wa nyuma hawakusikia. Nikarudia. (Ndiyo. Mara mbili. Wa nyuma wakasikia vizuri sana.)

"Juu ya nini haukuliondoa?" Mama Furaha aliuliza.

Nilitazama viatu vyangu. "Nilikuwa najipiga picha."

Kicheko kikaanzia kwa madereva, kikapita kwa wapishi, kikafika mpaka kwa padri, ambaye aligeuka kutazama ukuta huku mabega yakitikisika. Kaka yangu Kambale, aliyelipa karo yangu yote ya shule, alijifunika uso kwa kofia.

Kicheko kilipopungua, Mama Furaha alikuwa bado amesimama palepale. "Dada, nimesikia. Jina iko ya Goma. Lakini mashine ililia. Ililia juu ya nini?"

Swali zuri. Katika aibu yangu yote sikuwa nimejiuliza. Ule waya ni wa tanki. Kama umelia, boya limeshuka. Nikaweka mikro chini, nikaenda nyuma ya depo, na mkutano mzima ukanifuata.

Tanki lilikuwa tupu. Bomba lake lilikuwa wazi. Mtu aliosha sahani, akaitwa kwenda kucheza, akasahau kulifunga. Maji yote yalikuwa yameteremka bondeni na kuacha matope. Na nisiwafiche: ndani ya maternité kulikuwa na mama mwenye uchungu tangu asubuhi, na mkunga alikuwa anategemea maji hayo hayo.

Mama Furaha akagonga tanki kwa ngumi. Likalia kama ngoma. Akanitazama, akamtazama Papa Titulaire, na uso wake ukalegea.

"Kumbe ilisema kweli," akasema. "Ilisema maji imeisha. Iko tu na matamshi mubaya." Kisha akamshika Papa Titulaire mkono, ule wenye mchanga, akautikisa. "Utusamehe, Papa. Muntu akikimbia sana, anakuwa na mashaka ya kila kitu."

"Hata mimi nilianza kuitafuta hiyo piscine," Papa Titulaire akajibu.

Mama Furaha akageuka, akaita kwa ile sauti ya ng'ombe. Na wale watu waliokuwa wamekimbia muda mfupi uliopita wakachukua bidoni, madumu ya maji, wakateremka kwenye chemchemi. Wakimbizi na wenyeji, wapishi na madereva. Papa Titulaire alivua koti la suti. Mimi nilivua viatu virefu, nikateleza, nikakaa kwenye matope, nikainuka, nikateleza tena. Hakuna aliyenihurumia, na walikuwa na haki. Jamaa wa Mpofi alibeba bidoni mbili kila safari, akasema mbuzi anastahili kuliwa na mtu aliyefanya kazi.

Nilipanda mlima sambamba na yule bibi. Alibeba chupa ndogo tu, mjukuu wake akabeba nyingine.

"Bibi, unisamehe. Nilikukimbiza bure."

Akapanda kidogo, akivuta pumzi. Kisha akasema, "Mutoto wangu, nimekimbia mara mingi mu maisha yangu. Kila mara nikirudia, nakuta nyumba haiko. Leo njo mara ya kwanza nakimbia, narudia, nakuta watu bote biko na chakula inaningojea." Akacheka, hana meno ya mbele. "Ata kama haijaiva."

Nilimpokea chupa yake.

Tanki lilijaa. Masufuria yakawashwa upya, maharagwe yakaiva, na mchanga haukuzidi kiasi. Alasiri mtoto alizaliwa, wa kike, na maji ya kumwosha yalikuwepo. Mimi nilirudi kwenye santrali, safari hii wamama wakiwa wamesimama nyuma yangu kama watahini wa diploma, Mama Furaha mbele yao. Nikaandika jina: TANKI LA MAJI. Akalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, akaniruhusu kuendelea. Nikaandika aina: technique. Nikapanda juu ya tanki na matope yangu, nikashusha boya kwa mkono. Taa ya njano. Mlio wa kifaranga.

"Na moto ya kweli?" akauliza.

Papa Titulaire akawatangazia watu kwanza kwamba ni jaribio, nikachoma majani ya mgomba, sirena ikalia. Na mngeona. Hakuna aliyekimbia. Walitoka barazani wakitembea, wamewashika watoto mikono, wakasimama uwanjani mahali palipoonyeshwa, na yule bibi akiwa wa kwanza, amejinyoosha kama askari wa gwaride. Papa Titulaire alikuwa anatazama kutoka mlangoni. Aliniambia polepole, "Kwa namna nyingine ningehitaji mwezi kuwafundisha hii."

Nililichukua lile neno kama malipo, maana mengine leo sitegemei kuyapata. Tayari sokoni watoto wanasema wanaenda kuteka maji ku piscine. Kaka Kambale amesema atazungumza na mimi akimaliza kucheka, na bado hajamaliza.

Basi nyinyi wa darasa letu, mkikuta sanduku la mtu mwingine, yafuteni majina yote ya zamani kabla jua halijaingia dirishani. Na mkinipigia simu kesho, nawaomba kwa heshima: mniulize kwanza kama nimekula. Kicheko kifuate.